Gurudumu la Nyanda Nne

Haya alinihadithia mkwe wangu, Bi Mwanakheir, mwaka themanini na nne, mwezi wa Shaabani, tumekaa ukumbini kwake Jang'ombe mjini tunachambua mchele wa Ramadhani. Nlimuuliza kwa nini mchele wa kondeni kwake Cheju anaupepeta peke yake wala hauchanganyi na wa dukani. Akatoa chuya tatu nne kwenye ungo, akazitupa, ndipo akaanza. Nayaandika kama nlivyoyasikia. Pahala pengine nimesahau, na mume wangu nikimuuliza hanisaidii kitu, kwani wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Bi Mwanakheir alikuwa na miaka thalathini hivi, mke wa Fundi Usi, mhunzi aliyekuwa akitengeneza magurudumu ya magari ya hamali, yale ya kusukumwa kwa mkono, hapo hapo Jang'ombe. Mamake alimwachia konde la mpunga bonde la Cheju. Mpunga kwetu ni kazi ya wanawake. Wanaume wana minazi yao, wana mihogo, wana baraza. Bondeni hushuka wanawake na majembe yao. Na desturi ya bonde lile ilikuwa hivi: konde likilala misimu miwili bila ya kulimwa, mwengine mwenye nguvu huingia akalichukua, na hapana wa kumlaumu.

Konde la Bi Mwanakheir lilikuwa limeshalala msimu mmoja. Aliteleza kisimani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mkono ulipounga, vidole havikukunjika tena sawasawa.

"Mwiko naushika," akanambia, "jembe halishikiki. Na wenzangu kila mmoja ana konde lake, na masika hayo yanabisha hodi. Nlikuwa nalala naliota lile konde lina mtu mwengine ndani, kainama, simuoni uso."

Mwaka huo likaja trekta la serikali kutoka kituo cha kilimo cha Kizimbani, kuwalimia watu wa bonde. Ah, alivyolisimulia lile trekta. Rangi yake ya majivu, moshi wake, na watoto wa Cheju walivyokuwa wakilikimbilia nyuma mpaka wakageuka weusi kwa matope. Dereva wake akiitwa Mkadam, jirani yao wa Jang'ombe, ambaye babu yake alitoka bara. Lakini ardhi ya Cheju ina tabia yake. Juu udongo mweusi mzuri, chini mwamba wa jiwe, pengine karibu, pengine mbali. Plau, yaani jembe la trekta, likishateremshwa, huzama lenyewe mpaka likagonga. Siku mbili, ncha mbili zikavunjika. Bwana shamba akasema ikivunjika ya tatu, trekta linahamia bonde jengine. Makonde yaliyobaki yalikuwa sita, na la Bi Mwanakheir ndilo la mwisho.

Jumatatu asubuhi Mkadam akaja kwa Usi na ncha iliyovunjika ndani ya gunia, trekta kaliegesha nje na plau nyuma yake.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa."

"Mgonjwa wapi, huyu maiti," Usi akasema, akakigeuza kile chuma. "Wewe unalima au unachimba kisima?"

"Mimi nnakaa juu. Huko chini plau linakwenda lenyewe, haliniulizi."

Usi akatazama magurudumu yaliyoegemezwa ukutani. Akachukua moja dogo la chuma, la kigari cha bandarini, akalivingirisha sakafuni.

"Tukilifunga hili ubavuni mwa plau, likatembea juu ya udongo usiolimwa, plau litaning'inia juu yake. Litakwenda chini kadiri gurudumu litakavyoliachia, basi. Gurudumu likipandishwa, plau linazama. Likiteremshwa, plau linakuwa juu juu."

"Mbona nshaliona bara, la kizungu."

"Sasa utaliona la Jang'ombe."

Siku ile ile Usi akapanda gari la shamba kwenda Cheju kuuliza udongo wa kule una kina gani. Akawakuta wanaume barazani, mkubwa wao Bwana Kificho, mtu mzima wa heshima zake. Wakamkaribisha kahawa. Usi akauliza. Bwana Kificho hakuwahi kutia mguu kondeni maisha yake yote, lakini angesemaje mbele ya mgeni na kikombe mkononi? Akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, akasema, "Shubiri. Shubiri kamili, bonde zima." Na wenzake wote wakaitikia.

Usi akarudi, akatoboa chuma kwa keekee, akapima shubiri, akaligongomea gurudumu ubavuni mwa plau kwa misumari minene ya moto, ribiti zile za kugonga pande zote mbili. Mkewe akaja na uji, akasimama mlangoni.

"Umepima kwa nani?"

"Nshauliza wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Kina Bwana Kificho."

Bi Mwanakheir akauweka uji chini. "Kificho kaingia lini kondeni? Mume wangu, mimi nnalala na wewe kitanda kimoja, nimelima bonde lile tangu sijavunja ungo, umepanda gari ukaenda kumuuliza Kificho?"

Usi alikunywa uji kwa kusimama, akaungua ulimi. Hili Bi Mwanakheir alilicheka sana alipokuwa ananihadithia, miaka yote hiyo imepita.

Jumatano wakaenda na trekta kwenye konde la Bi Borafya, mwanamke mtu mzima, mjane, mwenye maneno yake. Wanaume wa barazani wakaja kutazama. Plau likateremka, gurudumu likatembea vizuri ajabu, hatua ishirini. Kisha plau likalia kama sufuria lililoangushwa. Mkadam alikuwa ameushikilia ule mkono wa chuma wa kunyanyulia, akawahi kulivuta plau juu. Ncha ilipinda. Haikuvunjika.

"Bwana Kificho," Bi Borafya akasema, "hilo jiwe lilikuwa likikungojea muda mrefu. Lisalimie."

Bwana Kificho akatazama minazi.

Wakahamia upande wa chini wa konde, ambako udongo una kina. Huko napo maji yalikuwa hayajakauka. Matope yakajaa kwenye gurudumu mpaka likaacha kuzunguka, likawa linaburuzwa kama mtoto asiyetaka kwenda chuo cha Kurani. Mkadam akasema litolewe. Halikutoka. Fundi wa magari ya hamali, sifa yake ni gurudumu lisilotoka; angelitengeneza la kutoka, watu wangemcheka gatini huko bandarini. Usi akapiga nyundo mpaka jasho likamwingia machoni.

"Fundi," Mkadam akasema, "gurudumu umeliozesha au umelifunga?"

Usi akakaa juu ya tuta. Siku zilizobaki mbili, kwani Jumamosi bwana shamba anakuja kuamua trekta libaki au lihame. Bi Mwanakheir, aliyefuatana nao tangu asubuhi, akamwendea, akakaa naye. Akautia mkono wa kushoto udongoni, vidole vikisimama, mpaka ukakoma kwenye jiwe.

"Hapa nyanda nne, upana wa vidole vinne," akamwambia. "Pale penye majani ya ndago, sita. Kule kwenye maji, kumi, na hutofika jiwe. Katika konde langu inabadilika mara tatu kabla hujamaliza mstari mmoja. Bi Borafya anapajua kwake, na Shemsa wa konde la pili anapajua kwake. Sisi jembe letu tunalizuia kwa mkono, hapa unabonyeza, pale unaachia. Sasa gurudumu lako halina mkono, lipe."

Usi akamtazama. "Kwa nini hukunambia?"

"Uliniuliza?"

Wakarudi mjini na gari la mwisho, na Mkadam akawafuata na trekta, plau nyuma. Alkhamisi asubuhi Usi akaenda Darajani kwenye duka la vyuma la Bohora, akanunua bolti mbili nene na nati zake, akainyoosha ile ncha iliyopinda, akazikata ribiti alizozigonga mwenyewe. Kazi ile, Bi Mwanakheir akasema, aliifanya amenuna, kama mtu anayebomoa nyumba yake. Kisha akachukua upau mrefu wa chuma wa kulishikia gurudumu, akamwambia mkewe, "Weka mkono." Bi Mwanakheir akaweka mkono wake wa kushoto juu ya chuma, vidole vimebanana, na Usi akatia alama ya chaki penye kila kidole. Si vidole vyake yeye, maana vyake vilikuwa vinene kama ndizi. Matundu saba, kuanzia nyanda nne mpaka kumi. Keekee ikalia mchana kutwa. Akafua pini yenye kishikio cha duara: ukiichomoa, upau unateleza, ukiichomeka, umesimama. Na zile bolti mbili akazitia masikio, zifunguke kwa mkono, bila ya spana, hata kwa mkono usiokunjika vizuri. Hilo hakulisema, lakini Bi Mwanakheir alizijaribu zile bolti kwa mkono wake wa kulia Usi alipokwenda kusali, na zikafunguka.

Ijumaa baada ya sala wakalima konde la Bi Borafya na la Shemsa. Mengine matatu wakayamaliza Jumamosi kabla ya jua kupanda. Mwenye konde hutangulia mbele ya trekta kaonyesha vidole hewani. Mkadam husimama, Usi huchomoa pini, hupandisha au huteremsha, hurudisha. Wakifika kwenye maji, bolti mbili zinafunguliwa, gurudumu linakaa juu ya tuta. Wakirudi juu, linafungwa. Bwana shamba alipofika aliwakuta kwenye konde la mwisho, mwanamke wa Jang'ombe anatembea kinyumenyume mbele ya trekta na kanga kaifunga kiunoni, vidole vinne juu. Akaichungulia ncha. Akaligusa gurudumu kwa kiatu. "Endeleeni," akasema, akaingia garini mwake.

Plau liligusa jiwe mara moja tu, nako kulikuwa kukwaruza. Mstari wa mwisho ulipogeuka, Bi Mwanakheir akaingia kondeni peku, akatembea ndani ya udongo mbichi mpaka mpakani na kurudi. Mbegu alikuwa nazo kwenye kikapu. Akarusha konzi ya kwanza hapo hapo, kwa mkono wa kulia, akisema bismillahi, ili kila mpita njia aone kuwa konde lina mwenyewe.

"Harufu ile," akanambia. Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake. "Udongo umelala mwaka mzima, umeamshwa. Siku hizi siisikii tena, sijui ni pua yangu au ni udongo."

Walikula muhogo na dagaa kwenye dungu la kulindia ndege, wote watatu. Mkadam alilala kwanza, katikati ya maneno, kichwa juu ya gunia. Usi akasema atapumzisha macho tu mpaka alasiri, na keshakoroma kabla hajamaliza kujinyoosha. Bi Mwanakheir akabaki amekaa, miguu inaning'inia, analitazama konde. Lilikuwa jeusi tupu, halina mtu ndani. Akalitazama mpaka kichwa kikamwelemea, akajilaza ubavuni mwa mumewe, akalala.