Huzuni Inayoonekana

Zadock Ogola alikuwa na daftari la maneno ya Kiingereza, na ukurasa alioupenda zaidi ulikuwa wa vitu vinavyoonekana: visible, apparent, evident, noticeable, perceptible. Kwa wenye lugha yao kila neno lina kazi yake. Kwa Zadock yote yalikuwa na maana moja, "inayoonekana," na kwa miaka kumi na mmoja ya ukalimani mahakamani Kisumu hakuna aliyemuuliza zaidi. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini Zadock alikuwa radhi afe tasa kuliko kukiri kwamba kuna neno asilolijua.

Asubuhi moja ya mwaka 1987 lililetwa jalada la Ouma, kuli wa bohari moja upande wa bandarini, aliyekutwa amekufa kati ya magunia siku moja baada ya kugombana na msimamizi wake. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Mjane wake, Adero, alitoka Sondu kwa pikapu ya shemeji yake Joram, ambaye aliachwa nje kwa kuwa chumba kilijaa. Hakimu Kangethe, mtu wa Murang'a, hakujua Kijaluo. Adero hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia mboga tu. Kati yao alisimama Zadock peke yake.

Hakimu alisema mjane akiwa na lalamiko, polisi wataagizwa wachunguze kifo hicho. Asipokuwa nalo, jalada litafungwa leo leo. Hayo Zadock aliyatafsiri vizuri. Kisha Kangethe akasoma ripoti ya daktari: hapakuwa na visible injury, ila palikuwa na palpable depression nyuma ya kichwa.

Palpable halikuwa daftarini. Zadock akakata shauri kwamba ni ndugu wa wale wengine. Depression alilijua, maana mhubiri wa kanisani kwao Kaloleni alilipenda sana. Habari ya kichwa ilimchanganya, basi akaimeza.

"Mama, daktari hakuona jeraha," akasema kwa Kijaluo. "Aliona kuyo tu, huzuni inayoonekana wazi."

Adero aliinamisha uso. Hakimu akataka aulizwe kama anajua lolote juu ya jambo hilo.

"Alikuwa nayo tangu mtoto wetu afariki mwaka jana," Adero akajibu. "Lakini chakula alikula, na kazini alikwenda kila siku."

Zadock alijivunia tafsiri fupi. "Anasema alikuwa nayo tangu mwaka jana, Mheshimiwa."

Kangethe akaandika kwamba ni jambo la zamani na mjane hana lalamiko. Akatia sahihi.

Masjalani, karani Gakenia alilipiga jalada muhuri akisikitika. "Pole ya huyo mama. Bwana yake kichwa imebonyea, na anasema ni ya zamani."

"Imebonyea wapi?"

"Si ndio hiyo depression? Shimo, Bwana Ogola. Na palpable ni kitu unasikia na mkono, hata kama macho haioni."

Zadock aligeuka. Ofisi ya hakimu ilikuwa wazi, mwenyewe akinywa chai, na jalada lingeweza kufunguliwa tena. Lakini kuingia mle kulikuwa kukiri, na baada ya kukiri wangeuliza ya miaka kumi na mmoja, wangapi wamefungwa na wangapi wameachiliwa kwa mdomo wake. Akaogopa. Akajidanganya kwamba kwanza atazungumza na mjane, akatoka nje.

Joram alikuwa amekwisha kumwakia Adero. "Ndugu yangu amekufa kwa huzuni. Nani alimlisha hiyo huzuni kama si wewe?"

"Tulipomwosha, kidole changu kiliingia nyuma ya kichwa," Adero alisema polepole. "Nilitaka kusema. Lakini daktari ni msomi, naye amesema hakuna kitu."

Joram akamwona Zadock. "Mzee, wewe ndiye uliyesikia. Daktari alisema shimo, au alisema huzuni?"

Kutoka pale hadi mlango wa hakimu hazikuzidi hatua thelathini. Adero alimtazama Zadock kwa imani yote. Zadock alimwonea huruma, kweli kabisa, ila alijionea mwenyewe zaidi.

"Huzuni," akasema.

Joram akatupa furushi la Adero chini. "Watoto ni wa kwetu, watabaki. Wewe rudi kwa baba yako." Pikapu ikashika barabara ya Nyamasaria bila yeye.

Adero aliokota furushi, akalipangusa vumbi. Hakulia.

"Asante, baba," akamwambia Zadock. "Kumbe ni mkono wangu ulionidanganya."