Sahihi ya Karani

Kwa miaka thelathini na minane, Mama Pasi hakujua umeme wa nyumbani kwake unalipiwa kiasi gani. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia hospitalini, maana hakuna aliyenyoosha mashuka kama yeye. Kila mwisho wa mwezi alimkabidhi mumewe mshahara kama ulivyo. Mumewe alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha sabuni, na mtaa mzima ulimwita Karani, hata binti zake walipokuwa wakimteta.

Walikubaliana hivyo tangu walipooana, wakiishi chumba kimoja. "Mimi nikishika hela vidole vinaniwasha," alisema mkewe, na ilikuwa kweli. Wiki ya kwanza ya ndoa alinunua mapazia, na chumba hakikuwa na dirisha. Karani alicheka mpaka akakaa chini. "Haya," akasema, "wewe nyoosha mashuka, mimi ninyooshe matumizi."

Na aliyanyoosha. Binti wa kwanza alipozaliwa, aliacha sigara siku hiyohiyo. Wa pili alipoanza shule, aliuza baiskeli akawa anakwenda kazini kwa miguu, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Nyama ilikuwa ya Jumapili, na mabinti wote wawili walipofika sekondari ikawa ya kusimuliwa tu. Watu walisema ana mkono wa birika. Mkewe alimtetea, ingawa kuna siku alimeza mate machungu akipita mbele ya duka la viatu. Hata hivyo mabinti walisoma. Mkubwa akawa mwalimu, mdogo akaolewa mbali. Nyumba ya vyumba vitatu ikasimama, ukuta leo, bati mwakani, kwa miaka kumi na moja.

Alipostaafu, Karani alichanganya kiinua mgongo chake na akiba yao yote, akaweka benki kwa jina lake peke yake, kama alivyozoea. "Hii ni ya uzee," alimwambia mkewe. "Tutaitoa kidogo kidogo, wala hatutamsumbua mtoto wa mtu." Mama Pasi, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kusimama kwenye sakafu ya maji, naye akaacha kazi.

Mwanzoni walicheka. Karani alinunua sukari asubuhi, akanunua tena mchana, jioni akarudi na kilo nyingine mbili. Alimlipa muuza duka deni moja mara mbili, muuza duka akarudisha. Akamlipa fundi bomba mara tatu, na fundi bomba akahama mtaa. Siku moja Mama Pasi alimkuta mezani na bili ya maji, ameishika juu chini, jasho linamtoka.

"Mama watoto," akasema taratibu, "hivi hizi namba zinasomwaje?"

Ndipo kicheko kilipokoma.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau. Dawa zipo, ila hazitamponya, zitaupunguza mwendo tu; bila hizo ataporomoka haraka. Zilikuwa ghali. Mama Pasi akaanza kwenda na mumewe benki, na mara mbili fomu ya kutoa pesa ilirudishwa kwa sababu sahihi haikufanana na ile ya zamani. Wakafanya mazoezi nyumbani siku tisa, nyuma ya kurasa za kalenda ya mwaka jana. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto. Kuna wakati herufi ya kwanza ilitoka na mkia wake vilevile, akampigia makofi. Ya pili ilikataa.

Siku ya kumi alimvalisha shati la kazini, wakaenda. Karani aliandika jina lake lote, herufi moja moja, ncha ya ulimi imetoka nje. Binti wa kaunta alitazama karatasi, akatazama kompyuta.

"Babu, ile sahihi yako huikumbuki?"

"Nilikuwa nayo," Karani akasema, akiitazama mikono yake. "Samahani, mwanangu. Nilikuwa nayo kabisa."

Mama Pasi hakuweza kuvumilia. "Mume wangu ni mgonjwa," akasema. "Ana ugonjwa wa kusahau. Mimi ni mkewe, na jasho langu limo humo."

Binti akaweka kalamu chini, akaenda kumwita meneja. Meneja aliongea kwa upole. Kwa kuwa benki sasa imeelezwa kwamba mwenye akaunti hajitambui vizuri, akaunti inafungwa mpaka mahakama imteue msimamizi. "Ni kwa ajili ya kumlinda mzee," akasema.

"Mnamlinda na mimi?"

Meneja alimsogezea kiti tu.

Njia nzima Mama Pasi alijilaumu. Angekaa kimya, angalau wangejaribu tena wiki ijayo.

Wakili alitaka malipo kwanza, akalipwa na binti mwalimu. Kesi ikaahirishwa mara tatu, kisha hakimu akahamishwa. Binti huyo akanunua dawa za baba yake miezi mitano, mpaka siku alipopiga simu. "Mama, maji yamenifika shingoni. Na wangu wanadaiwa ada."

"Najua, mwanangu. Usilie."

Mdogo alituma salamu na samahani.

Mama Pasi akaanza kuwafulia watu nguo, na umri wake miaka sitini na minne. Kilichopatikana kiliishia kwenye mkate na umeme, ambao sasa aliijua bei yake. Aliacha dawa zake mwenyewe za presha. Kisha akaanza kuzikata za mumewe nusu, na mwisho nusu nazo zikaisha. Karani akaporomoka haraka, kama daktari alivyosema. Akamsahau binti mdogo, akamsahau mkubwa. Kesi ilipangwa tena mwezi wa tisa. Mwezi wa nane akaacha kuongea.

Siku ya kesi Mama Pasi alimwacha kwa jirani, akakaa kwenye benchi la mahakama mpaka saa nane mchana. Karani wa mahakama, kijana mwenye miwani, akatoka na kumwambia faili halionekani, aje mwezi ujao.

"Mwezi ujao tarehe ngapi?"

"Utapigiwa simu, mama."

Akamshukuru, akarudi nyumbani kwa miguu. Uani ndoo tatu za nguo za watu zilikuwa zimelowekwa tangu asubuhi.