Kushuka Bila Freni

Pale Kirolirwe, kabla njia ya Sake haijainama vizuri, kuna muteremuko ambao wenye chukudu waliupa jina la Shuka-Ulie. Asiyejua chukudu ajue hivi: ni ubao murefu wa mukaratusi, gurudumu mbili za muti zimevikwa kipira, na usukani umekaa kama pembe za ngombe. Kupanda unasukuma. Kushuka unasimama juu yake pamoja na mifuko ya maharagi, unaachia. Nyuma kuna kipande cha pneu, kipira cha gari, kimegongomewa misumari, unakikanyaga na kisigino juu ya gurudumu. Hiyo njo freni. Ingine hakuna.

Vijana wa ile kazi walikuwa wanashuka wakipiga miluzi, mushipi umefungwa kichwani, kasiksi ya jana, ile pombe ya ndizi, ikiwa bado inawachemka. Wakifika kanisani na matope yao, wanaonyeshwa mulango. Wapasta walikuwa wanawataja tu katika mahubiri, kueleza namna Shetani anavyoendesha.

Miye nilikuwa nauza chumvi na sabuni kwa miguu, kutoka Sake mpaka Walikale, kwa hiyo wote nilikuwa nawajua. Mu mwaka wa 2008, vita ikiwa imekaa Masisi kama mugeni asiyesema atarudi lini kwao, kulikuja muevangelisti mumoja kutoka Goma, jina lake Damien. Kijana tu, mwembamba, Biblia ndani ya shati. Chini ya kwapa alikuwa na kiubao chekundu cha gurudumu nne ndogo. Aliita planshi. Misionere mumoja alimuachia.

Aliwakuta vijana juu ya mulima, akawaambia kwamba kule Ulaya kuna vijana wanateleza juu ya simenti kwa vibao kama hicho, na wengine wanafunga mbao miguuni wanateleza juu ya theluji. Kanisa liliwakataa. Mwishowe wenzao wachache waliookoka wakasema: hatutawaita ndani, tutatoka tuteleze pamoja nao, na Yesu tutamuongelea njiani.

"Na miye nimekuja kwenu vilevile," akasema.

Jacques njo alikuwa mukali wa ule muteremuko, mrefu, mwenye mudomo. Alichukua ile planshi, akaigeuza, akazungusha kagurudumu na kidole.

"Mutumishi, hii ni gari ya panya?"

Wakacheka mpaka wengine wakalala chini.

"Na freni iko wapi?"

"Haina. Unasimamisha na muguu."

"Kwa matope ya Masisi? Mutumishi, peleka hii kitu kwa mutoto. Ukitaka tukusikilize, shuka na sisi."

Alishuka. Mara ya kwanza alitupwa mufereji pamoja na mufuko wa watu, jino likabaki pale. Akarudi kesho yake. Akarudi tena. Alipojua kushuka, wakaanza kumusikiliza, na kila Juma Tatu asubuhi walikuwa wanalaza chukudu zao juu ya majani, wanasali. Maombi mafupi, sababu maharagi haingoji.

Sharti lilikuwa moja. Kubeba maharagi, ndiyo. Kubeba makala ya kupikia, ndiyo. Masasi ya bunduki, hapana. Anayesali na sisi habebei mutu masasi, Damien alisema, na akikamatwa nitaenda miye kumusemea. Nisidanganye: wengi walikuja kwa ile ahadi kuliko kwa Yesu. Kila kundi la bunduki lilikuwa linakamata vijana na chukudu zao, na wachache njo walikuwa wanarudi.

Jacques peke yake alikataa kuingia.

"Hiyo ahadi si yako, Mutumishi. Ni ya mwenye bunduki. Wewe unagawa mali ya mutu."

Katika malisho ya juu kulikuwa komanda mumoja na watu wake. Tulimuita Komanda Alleluia, maana alikuwa anaomba kweli: anafunga, anaimba, anakataza askari kunywa. Kijiji alichokichoma kilikuwa kinachomwa na mutu asiyelewa.

Juma Tatu moja alifika juu ya mulima vijana wakiwa katika maombi. Nilikuwepo na mufuko wangu wa chumvi. Alivua kofia, akafumba macho, akaimba sauti ya pili vizuri sana. Walipomaliza akasema:

"Bwana asifiwe."

"Milele," wakajibu, pole pole.

"Nahitaji nyinyi wote na chukudu zenu. Kuna sanduku za masasi. Mutasukuma mpaka pori linapoanza, kule mutaweka juu ya kichwa. Tunaenda Walikale, mpaka Omate kwenye zahabu."

Vijana wakamuangalia Damien. Hata wale waliokuwa wanaangalia chini, walikuwa wanamuangalia. Akasimama.

"Komanda, hawa wameapa hawatabeba masasi."

"Wameapa kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Mungu yupi? Wako ao wangu?"

"Ni mumoja, Komanda."

"Basi ameniambia leo asubuhi."

Askari wakacheka. Yeye hakucheka. Alimuangalia Damien sawa vile mununuzi anaangalia ngombe.

"Nasikia unafundisha kwamba katika huu mulima si freni inayowashikilia, ni Mungu."

"Nafundisha kwamba ni Mungu. Na freni wanayo pia."

"Wee, acha ujanja. Toa freni. Weka mufuko wa maharagi. Ukifika chini umesimama na mufuko wako, vijana wako wanarudi nyumbani, sitawagusa, naapa mbele ya Mungu. Ukianguka, wanabeba wote." Akamuonyesha Jacques kwa fimbo, pale alipokuwa amesimama pembeni. "Wewe murefu. Ngoa freni."

Jacques alipiga magoti nyuma ya chukudu, akaingiza ncha ya panga chini ya misumari. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Kona ya pili, mukono wa kuume, shamba la Papa Esdras limelimwa juzi. Ukingo ni laini. Ulalie, ubao ukwaruze. Usipigane na usukani. Ukipigana umekufa."

"Jacques, uniombee."

"Miye siombi. Nakuambia njia."

Kipira kikatoka. Jacques akakitupa kwenye majani. Damien akaweka muguu juu ya ubao, akasema jina la Yesu kwa sauti ya kawaida, akaachia.

Kona ya kwanza aliipita bado tunaona mugongo wake. Katikati chukudu ilianza kulia, ule mulio wa muti unaowaka ndani. Kona ya pili alilalia ukingo, udongo ukaruka juu kama mutu anapepeta, tukasema ameisha. Akatoka upande mwingine. Mara tatu alilalia ukingo. Muguu wa kushoto aliuburuta mpaka sandali ikapasuka. Na pale chini, karibu na kivuko, ile kitu ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Mufuko juu. Na yeye juu, amesimama, kichwa kimeinama.

Vijana walipiga kelele, ngombe zikakimbia. Walikumbatiana, wakabeba hata mufuko wangu wa chumvi wakacheza nao. Komanda alikuwa analia. Machozi ya kweli, simuzulii.

Damien alipandishwa juu na askari wawili, muguu unatoka damu. Komanda akamushika mabega.

"Mungu amesema. Vijana wako wanaenda nyumbani."

"Asante, Komanda."

"Wewe unabaki."

Vijana wakaweka mufuko wangu wa chumvi chini.

"Uliapa tutarudi nyumbani," Damien akasema.

"Niliapa vijana wako. Wewe si kijana wako." Akamupangusa jasho la paji na kitambaa chake mwenyewe, kama mama. "Tangu vita ianze natafuta mutu ambaye Mungu anamushikilia namna hii. Utatembea mbele ya watu wangu. Ungeanguka, ningekuacha palepale, ungekuwa sasa unalala kwenu."

Vijana waliinua chukudu zao. Walishuka Shuka-Ulie wakiwa wamekanyaga freni toka juu mpaka chini, pole pole kama wanapeleka maiti. Jacques peke yake alibaki amesimama.

"Komanda, yeye hajui pori. Chukua miye."

Askari akamupiga kitako cha bunduki kwenye mudomo. Alipoinuka, aliokota planshi ya Damien kwenye majani, akaenda nayo.

Na chumvi yangu iliwapendeza askari, kwa hiyo mwenye chumvi akaenda nayo.

Damien alitembea mbele, kamba kiunoni. Kwa kila muto, askari walikuwa wanagusa shati lake kabla ya kuvuka. Baadaye wakaanza kukata vipande vya shati, wanafunga kwenye bunduki, mpaka akabaki kifua wazi. Kule Omate alisimamishwa kwenye mudomo wa shimo, akaambiwa abariki. Akiisha kusema amina, Komanda anachukua nusu ya mchanga wa zahabu wa wachimbaji. Mwanamuke mumoja, Emérence, mwosha mchanga, alimutemea mate usoni. Hakupangusa.

Usiku nilimuuliza: "Mutumishi, bado unaomba kweli, ao unasema tu?"

"Naomba kweli."

"Unaomba nini?"

"Kwamba wachoke na miye."

Tulipotoka Omate kushuka upande wa Itebero, njia ikawa matope na mizizi. Mutu na mwenziwe wanafuatana kama siafu. Masasi yalitoka porini, mukono wa kushoto, wapigaji hatukuwaona. Nilianguka katika majani pamoja na mufuko, nikala udongo. Ilikuwa muda mufupi tu. Nilipoinua kichwa, waliokuwa nyuma ya Damien walikuwa wamelala, mumoja juu ya mwingine, na wengine wanaita mama zao. Damien alikuwa amesimama mbele yao, kamba kiunoni. Hata mukwaruzo hana.

Komanda alimuzunguka. Akainua mukono wake mumoja, akaangalia kwapa. Akainua mwingine.

"Hata alama."

"Komanda, niliombea wote."

"Uliombea wote, akakusikia wewe peke yako?"

"Sijui, Komanda. Mungu anajua."

"Miye pia najua. Unakula baraka peke yako. Watu wangu wanakufa nyuma yako, wewe unashiba." Akageukia askari waliobaki. "Alishuka mulima bila freni. Tuone kama Mungu atamubeba mulima kupanda."

Walimulaza, miguu juu ya gogo lililoangukia njia. Walitumia gogo lingine kuivunja. Komanda alikuwa anaomba pembeni, macho yamefumbwa, na sauti ya maombi yake ilikuwa inapanda kila Damien akilia. Kisha wakachukua masasi ya wafu, wakaenda. Miye waliniacha kwa sababu chumvi ilikuwa imelowa damu.

Nilikimbia Itebero kuita watu. Walimubeba kwenye tipoye, machela ya miti na kamba za pori, mpaka barabara, lori likamupeleka Bukavu. Miguu ilikuwa imeoza, daktari akakata yote mbili juu ya magoti. Akavuka ziwa kurudi Goma, Goma mpaka Sake juu ya mifuko ya sukari, katika lori la Mama Kahambu, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale kwenye kipando, njia inapoanza kupanda kwenda mulimani.

Mama Kahambu ni Mukatoliki, rozari haimutoki mukononi, na wahubiri wa barabarani alikuwa hawapendi. Alimuangalia Damien alivyoshushwa, akaingia ndani, akatoka na kile kiubao chekundu.

"Jacques aliiacha hapa. Kaa juu yake. Na usihubiri wakati wateja wangu wanahesabu pesa."

Basi planshi, ambayo Masisi nzima haikupata kazi, ikapata. Alikuwa anajisukuma na mikono juu ya baraza ya simenti, toka mulango mpaka ngazi. Chukudu ikifika kutoka mulimani, aliangalia kwanza freni yake, anavuta kipira, anagonga misumari na jiwe.

"Hii imeisha, kaka. Badilisha."

"Mutumishi, Mungu si anashikilia?"

"Badilisha."

Baadhi ya vijana wa Juma Tatu walikuwa sasa wanabeba masasi, kwa malipo. Walimusalimia toka ngambo ya barabara. Jacques, mwenye meno ya mbele yaliyobaki mawili, alikuwa anamuletea bugali na sombe ya majani ya muhogo, na mpaka leo haombi.

Siku moja jeep ilisimama mbele ya duka. Komanda Alleluia akashuka, uniforme mupya, nyota mabegani, sasa ni askari wa serikali, kama waasi wengine waliopatanishwa. Alimuona Damien. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Mutumishi! Uko hai! Mungu ni mwema!" Akapiga magoti pale pale kwenye simenti, akavua kofia. "Kesho tunaenda mbele. Weka mukono. Niombee."

Miye nilikuwa nauza sabuni pembeni. Jacques aliacha kufungua kamba za muzigo wake.

Damien aliangalia kile kichwa mbele yake. Kwa mara ya kwanza walikuwa kimo kimoja.

"Nitakuombea," akasema. "Jacques, leta chukudu yako. Toa freni. Komanda apande Shuka-Ulie, ashuke. Akifika chini amesimama, nitamuwekea mikono yote mbili."

Askari wa jeep wakacheka. Komanda aliinua macho kuelekea mulimani, akayarudisha.

"Miye si mupumbavu."

"Kumbe siku ile ulijua," Damien akasema.

Komanda alisimama, akavaa kofia, akaipanga vizuri. Kisha akaweka buti nyuma ya planshi, akasukuma.

Ngazi zilikuwa mbili tu. Planshi ilizipita ikashika kipando, na ule upande njia inateremuka mpaka kwenye mufereji wa soko. Askari wakapiga miluzi, ile miluzi ya chukudu. Damien alipiga freni na mikono. Tuliona alama mbili nyekundu zinaandika barabara nyuma yake, ndefu, mpaka akasimama karibu na mufereji, bado yuko juu ya ubao.

Jacques alifika akikimbia, akapiga magoti, akamushika mikono akaigeuza. Viganja havikuwa na ngozi.

"Jeep bado iko?" Damien akauliza.

"Bado iko."

"Nirudishe juu. Sijamaliza na yeye."

Jacques akainama, akamubeba pamoja na planshi yake, akaanza kupanda.