Fyuzi Moja kwa Kontrola Mbili

Nilimwonea Wepukhulu wivu, na sifichi. Miaka kumi na minane nimeshika bisibisi katika kiwanda hiki cha sukari, halafu yeye, mtu wa juzi tu kutoka Bungoma, anapelekwa kozi ya miezi mitatu ng'ambo na kurudi na tai na kalamu nne mfukoni! Mkuu wa mafundi wa umeme alikuwa anastaafu Desemba hiyo ya 1993, na kila mtu alijua kiti kitakwenda kwa mmoja wetu wawili. Kiti na nyumba yake kule Milimani. Dorca, mke wangu, alikuwa ameshachagua mapazia sokoni Kibuye.

"Lakini Wepukhulu ana adabu," Dorca aliniambia siku moja. Ana adabu! Niliacha ugali mezani nikaondoka.

Kazi ya kuamua mambo ilikuwa kontrola mpya. Ile mota kubwa inayozungusha visu vya miwa haiendi bila rota yake, ile sehemu inayozunguka ndani, kulishwa umeme wa DC. Umeme huo ukikatika, mota inapoteza mwendo na kiwanda kizima kinasimama. Kwa hiyo tuliletewa kontrola mbili za kulisha rota, moja ikifa nyingine ishike papo hapo. Wepukhulu alipewa kazi ya kuzijaribu mbele ya meneja. Mimi nikapewa kukagua nyaya.

Jumatatu nilifungua kabati la kontrola hizo. Yawa! Waliozifunga walikuwa wamezipitisha zote mbili kwenye fyuzi moja. Fyuzi hiyo ikiungua, zinakufa pamoja, sasa ya pili ni ya nini? Kurekebisha ni kazi ya nusu saa. Nilifunga mlango, nikajaza fomu kwamba kila kitu ni sawa, nikatia sahihi. Acha aaibike, nilijiambia.

Alhamisi tulikusanyika. Meneja wetu, Bwana Absalom, alikuja na faili kwapani. Wepukhulu akanigeukia.

"Mzee Oketch, nyaya ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Basi sina wasiwasi," akasema, akazima swichi ya kontrola ya kwanza.

Mota haikushtuka hata kidogo. Kontrola ya pili ilishika, taa ya kijani ikawaka, watu wakapiga makofi. Swichi tu, jamani, fyuzi hakuigusa! Bwana Absalom akampa mkono, akamwita "mkuu" huku akicheka. Roho iliniuma. Niliona mapazia ya Dorca kwenye dirisha la mtu mwingine.

"Hayo si majaribio!" nilipaza sauti. "Ngojeni niwaonyeshe!"

Nikafungua kabati, nikachomoa fyuzi.

King'ora kililia. Mota ilinguruma vibaya, ikapoteza mwendo, ikazima. Miwa ikarundikana juu ya visu vilivyosimama.

Niliwageukia nikitabasamu. "Mmeona? Zote mbili zinakula kwenye fyuzi moja. Huyu mtu wenu wa kozi hakujua. Mimi nililiona jambo hili tangu Jumatatu!"

Hakuna aliyepiga makofi. Wepukhulu alinitazama kwa huruma, na hilo liliniudhi zaidi. Bwana Absalom alifungua faili, akatoa fomu ya ukaguzi, akaisoma polepole.

"Jumatatu," alisema. "Nyaya zote ziko sawa. Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeipigia hata mstari chini, kwa madaha.