Nani Anakula Kadi Yangu

Mimi sipendi kuibiwa, na zaidi sipendi kuibiwa kwa adabu. Kila mwezi ujumbe uliingia kwenye simu: "Mpendwa mteja, malipo yako yamefanikiwa." Malipo gani, na kwa nani? Jina la kampuni lenyewe lilikuwa herufi tupu zilizobanana, halitamkiki. Mimi nashona mapazia. Kila kipande cha kitambaa kinachotoka dukani kwangu najua kimekwenda dirisha la nani. Sasa leo pesa yangu itembee yenyewe, isiniage?

Siku nyingine ningefoka kidogo nikasahau. Lakini mama alikuwa amelala chumba cha nyuma na uvimbe tumboni, daktari ameshasema upasuaji usicheleweshwe, na mama amegoma. Wala si woga. "Sikatwi na mtu mpaka nimsikie mwanangu," anasema, halafu anageukia ukutani, na ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Mwanawe ni mdogo wangu, Kitinda, mtoto wa mwisho aliyelelewa kama yai. Alioa mwanamke ambaye mama hakumtaka, na mama akaapa mbele ya watu kwamba yule hatakanyaga kizingiti chake. Kitinda akamchukua mkewe, akabadili namba, akatupa kisogo, miaka sasa. Nilimtafuta kwa marafiki, kwa mafundi magari wenzake, hata kwa wakwe zake ambao hawanipendi, nikatoka kapa. Mama anakonda, mimi namwona, na sina la kufanya. Basi hasira zote nikazihamishia kwenye kadi. Kama Kitinda amenishinda, huyu mwizi hanishindi.

Benki, binti wa dirishani aliniambia kwa upole kwamba hakuna mwizi. "Ulijiunga mwenyewe, mama. Hii kampuni inakusanya tu kwa niaba ya wengine. Tafuta umejiunga na nini." Nikatoka pale nimenuna, nikaenda moja kwa moja kwa fundi simu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu ana maneno mengi kuliko simu anazotengeneza, lakini mkono wake mwepesi.

"Hii ya kwanza ni ya utabiri wa nyota," akasema, akijikaza asicheke. "Nani kwako ana matatizo na nyota, dada?"

Sikuwa na haja ya kuuliza. Mume wangu akiona kitu kinawaka kwenye simu, lazima akibonyeze.

"Kata."

Akakata. "Na hii ya pili ni ya filamu. Imefunguliwa kwa barua pepe yako. Nenosiri?"

Nikamtajia letu la siku zote. Nyumbani kwetu kadi ilikuwa moja, yangu, na nenosiri moja la ukoo mzima. Mtu akitaka kujiunga na kitu anajiunga tu, dada mkubwa atalipa, kwani yupo kwa ajili gani? Nikadhani limeshakufa zamani. Likafungua.

Kwenye hizi huduma kila mtazamaji ana kijumba chake chenye jina. Vilikuwa viwili. Cha kwanza kiliandikwa Kitinda.

Nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. "Ameangalia lini mara ya mwisho?"

"Jana. Ngumi." Kidole chake tayari kilikuwa juu ya kitufe. "Nikate?"

"Ukikata nitakukata wewe."

Jana. Kumbe mdogo wangu mzima, amekaa mahali fulani anaangalia watu wakipigana kwa pesa yangu. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja, na mbele ya fundi simu sikufanya hata kimoja.

"Na mwenye kijumba cha pili ni mlevi wa katuni," akaendelea. "Sungura asubuhi, sungura jioni."

Nikasoma jina. Lilikuwa la mama, jina lake la kuzaliwa. Ni la kizamani, siku hizi hakuna anayempa mtoto, na mama hajaangalia katuni tangu azaliwe.

Nikafunga duka mchana kweupe. Nyumbani nikakaa kitandani kwa mama nikamwekea simu usoni. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akalitamka jina lake taratibu.

"Huyu nani?"

"Anaangalia sungura, mama. Kwa Kitinda."

Machozi yalimtoka akayaacha yateremke, naye ni mtu wa kufuta upesi asionekane. "Wamempa jina langu," akasema. "Na yule mwanamke akakubali."

Tukashauriana. Namba ya Kitinda hatuna, lakini jina la kijumba chake linaweza kubadilishwa, na akikifungua atalisoma. Nikaanza kuandika: Mama mgonjwa mjinga wewe p... Nafasi ikaisha kabla hasira zangu hazijaisha.

"Futa," mama akasema. "Andika, njoo na mkeo."

Nikamwangalia. Namjua mama yangu. Aliwahi kununiana na dada yake mpaka siku ya kumzika. Neno lile lilimtoka kama jino, na hakutaka nimwangalie likitoka.

"Umesikia? Andika."

Nikaandika. Kazi ikawa kusubiri. Dukani nashona mshono mmoja, nashika simu. Fundi simu anachungulia: "Vipi?" Nampa jicho, anarudi kwake. Siku ya kwanza kimya. Ya pili, sungura kaangaliwa lakini maneno yetu kwenye kijumba cha Kitinda yako vilevile, hakuna jibu, nikajisemea amesoma akapuuza. Nilimlaani mpaka nikaishiwa maneno. Nikamwomba Mungu asiyasikilize.

Jioni yake namba ngeni ikanipigia. Sikusema hata haloo, nilikimbia nayo chumba cha nyuma, nikabonyeza sauti kubwa na kumwekea mama kifuani. Tukasikia pumzi, na kwa mbali mwanamume anajaribu kukohoa kilio. Halafu karibu kabisa, kasauti.

"Bibi? Mimi naitwa..." Akataja jina lote, kwa kujivuna, kama mtu anayekuonyesha kiatu kipya.

Mama alifumba macho.

"Hata mimi," akasema.

Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Baba yako yupo hapo? Mwambie aache kulia. Mwambie bibi anataka apelekwe hospitali, na mama yako ndiye atakayenibebea nguo."