Kabla Mgeni Hajala

...hapana, nimesikia vizuri, amesema hana haja ya kitu chochote, mama yangu, na nyuma yake ukuta umebaki nusu, maji ya mto Mulongwe yaliondoka na nusu nyingine, na huyu Mwingereza wa shirika la msaada ananitazama midomo, anangoja, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa, kutoa Kiswahili na kurudisha Kiingereza, swali lake lenyewe lilikuwa jepesi, what does she need, kila nyumba tangu asubuhi ameuliza hivyo hivyo na kila nyumba wamejibu mabati, misumari, saruji, sasa tumefika kwetu na mama amekaa wima kwenye kiti chake cha plastiki kama mke wa chifu na kusema,

"Minye siko na lazima ya kitu. Weye umuambie akule kwanza."

...need, si want, mwalimu Térence kule shuleni Rugenge alitutwanga na hayo maneno mawili mpaka tukayaota, want ukiikosa utanuna, alisema, need ukiikosa utaumia, na house ni ile inayojengwa kwa matofali, home ni pale mtu anapokusubiri, tukaandika, mwenzetu Patient akauliza je, mtu akisubiriwa na mwenye nyumba anayedai kodi, darasa zima tukacheka, hata mwalimu... lakini mama hajasoma kwa Térence, hapa anaumia na wala hanuni, analala chini ya turubai la jirani yetu Pudentienne, na Pierre, mkubwa wetu wa ofisini, anaangalia saa, yeye ndiye atakayesema nani apate mabati, ningegeuza tu, sentensi moja, she needs everything, nani angejua, hakuna anayesikia Kiingereza hapa isipokuwa sisi watatu, na Kiswahili cha Pierre ni cha kununulia nyanya... na ile sahani, Mungu wangu, bado imefunikwa pale kwenye kigoda, mikeke miwili, samaki wa ziwani, na bugali, na maji ya kunawa kando, Mwingereza alishukuru kwa adabu zote akasema wao hawaruhusiwi kula kwa watu wanaowatembelea, mama akatabasamu kana kwamba hakusikia, mama anasikia anachotaka huyu, nilikasirika, kweli nilikasirika, nikasema moyoni, kiburi gani hiki, mtu hana ukuta na bado anajitia... lakini si kiburi, ngoja, namjua huyu mwanamke, hivi ndivyo alivyokaa siku ile baba mdogo Thaddée alipotoka Luvungi kwa pikipiki, mimi nimefukuzwa shule kwa kukosa karo, nimejikunja pembeni nikingoja mama afungue kinywa aseme, yeye anachinja kuku, kuku wetu wa pekee, anapika taratibu, anamnawisha shemeji yake, anampakulia, anamwongezea, nilitaka kulia, nilidhani amenisahau, na baba mdogo anakula mpaka mifupa, ananawa tena, anafuta mdomo, ndipo mama akasema, Shemeji, tuko na neno, Naomie asome, na baba mdogo akaitikia kabla mama hajamaliza, maana kwetu mgeni ambaye hajala haombwi, ukimwomba umemfanya mpita njia na wewe mwenyewe umejifanya ombaomba, akishakula kwako amekuwa wa kwako, mnazungumza kama ndugu... kwa hiyo Kiingereza hiki chote nilicho nacho mdomoni, need yangu na want yangu, kilitoka kwenye sufuria ya mama, na leo nilitaka kukitumia kumgeuzia maneno yake, yeye ambaye mto ulipita katikati ya nyumba yake akatoka na sahani ya wageni kwapani, aliniambia hivyo, godoro liliondoka lakini sahani ya wageni iko, nikamcheka, mjinga mimi... hajakataa mabati, anayataka sana, anayahitaji kuliko watu wote wa mtaa huu, ila hatayaomba kwa mtu mwenye njaa, na mzungu huyu akipanda gari bila kula basi mama atalala chini ya turubai na hatalalamika, hilo nalijua na linanikata, lakini naona fahari, jamani, naona fahari, na mimi asubuhi garini Pierre aliposema mkalimani hasemei ndugu zake niligeuka kutazama ziwa, hapa nimemwita "huyu mama" mara ngapi, na yeye akaniacha nimwite hivyo, hakunisuta hata kwa jicho... Mwingereza bado ananitazama midomo, Pierre bado yuko kwenye saa yake, mama anainama anafunua samaki ili harufu iseme, navuta pumzi, nitatoa jibu lake kama alivyolitoa, hana haja ya kitu, kula kwanza, tutazungumza baadaye, lakini kabla ya hilo nitasema langu, na wakitaka wanifukuze, nitasema huyu ni mama yangu.