Sauti Aliyoazima Zakariya

Zakariya alikuwa msimamizi wa makuli bandarini Kilindini, na jirani zake wa Kibokoni walimtania kwamba akiita gatini, sauti hufika nyumbani na chai huanza kuchemshwa. Maradhi nayo yakamshika pale pale alipojulikana, kooni. Madaktari hawakumzungusha: ama koromeo litolewe, ama aage dunia. Likatolewa. Akarudi nyumbani na tundu dogo shingoni la kuvutia pumzi, amelifunika kwa kitambaa chepesi, na nyumba nzima ikajifunza kunyamaza naye.

Hospitalini walimwekea programu kwenye kompyuta yake ya kukunja: yeye aandike, mashine iseme. Hakuigusa. Iliposema mara ya kwanza, ilitoa sauti ya kijana asiyemjua, naye akaifunga kama mtu anayefunga mlango kwa mgeni asiyemtaka.

Aliyembadilisha ni binti yake wa pekee, Mwanaesha, aliyechumbiwa na Khubaib mwaka huo. Alikaa miguuni pa baba yake akasema, "Baba, nataka uniozeshe wewe. Sitaki kuozeshwa na ami Abdulbasit ilhali wewe u hai."

Kesho yake Zakariya akavaa kanzu akaenda Ganjoni, kwenye chuo kidogo cha kompyuta alikofundisha Mwende, mwanamke wa Machakos aliyehamia Mombasa na mumewe, mfanyakazi wa reli. Mwende hakumwanzisha na kuandika. Alichukua kompyuta kuukuu, akaifungua kwa bisibisi, akamwekea matumbo yake mezani.

"Mzee wangu, hapa pana mambo mawili," alisema. "Hivi unavyoweza kuvishika tunaviita maunzi. Hiki kinapiga hesabu, hiki kinatunza kumbukumbu, na hii spika inatikisa hewa. Lakini vyote ni bubu mpaka vipewe maagizo. Maagizo ndiyo programu. Huyashiki kwa mkono, na bila ya hivi vyuma hayana pa kupitia."

Neno bubu lilikuwa limeshamtoka. Akainamisha macho.

Zakariya hakukasirika. Alivuta kompyuta yake, akaandika polepole kwa kidole kimoja. Ile sauti ya kijana ikauliza, "Na mimi nimepungukiwa na kipi?"

Mwende akainua macho. "Maunzi, mzee," akajibu. "Maagizo yako yote ungali nayo."

Tangu siku ile Zakariya alikwenda kila wiki. Akajifunza jinsi herufi aliyoibonyeza inavyofika kwa programu, programu ikaifanya sauti, na sauti ikasafiri kwenye waya mpaka kwenye spika. Akajifunza pia kwamba mashine haina akili ya kukisia. Ilimharibia jina la mwanawe na dua zake zote, mpaka alipogundua kwamba inasoma alichoandika, si alichokusudia. Akawa anaongeza herufi hapa, anapunguza pale, anasikiliza, anafuta, anarudia. Mkewe akiwa jikoni alimsikia kwa mashine akirudiarudia jina moja kutwa nzima: Mwanaesha, Mwanaesha. Akaacha kukuna nazi, akalia.

Ikafika siku ya nikahi. Baada ya sala ya alasiri wanaume walikaa msikitini, wanawake wakakaa nyumbani kwa Zakariya, mtaa huo huo, wasikilize kupitia vipaza sauti vya nje. Sheikh Aidarus alimaliza hotuba, akamgeukia Zakariya, mwozeshaji wa bibi harusi. "Bismillahi, walii."

Zakariya akabonyeza kompyuta yake, aliyokuwa ameshaiandikia maneno. Kimya. Akabonyeza tena. Hakikutoka kitu.

Watu wakaanza kujikohoza. Abdulbasit, nduguye Zakariya, akamwinamia. "Nikuwakilishe mimi, kaka. Hakuna aibu."

Zakariya alimwekea mkono gotini, amngoje. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Alama ya sauti ilikuwa ikipanda na kushuka. Basi programu inasema, aliwaza. Imesema, na maneno yamekwama njiani. Akamwashiria kijana mmoja ampe spika zake za masikioni, akazichomeka, akasikiliza. Yule mgeni wa sauti ya kijana alikuwa ndani, anasema vizuri, kila neno mahali pake. Kilichokufa ni spika ya kompyuta tu.

Akanyanyuka mwenyewe, akaenda ilipo amplifaya ya vipaza sauti vya msikiti, akavuta waya wake mmoja mrefu, akarudi nao, akauingiza kwenye kompyuta mahali pa spika za masikioni, akakaa.

Sheikh Aidarus alimshika mkono. "Zakariya, kisheria ishara yako inayofahamika yanitosha. Mashine itawasomea watu. Je, maneno haya ni yako?"

Zakariya alitikisa kichwa kukubali, mara tatu, mashahidi wakaona. Kisha mkono wa kulia akampa Khubaib, na kwa wa kushoto akabonyeza.

"Khubaib, nimekuoza binti yangu Mwanaesha kwa mahari mliyokubaliana."

Sauti ilijaa msikiti, ikatoka nje, ikapita vichochoroni. Khubaib alijibu, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo."

Nyumbani vigelegele vilichelewa. Wanawake walikuwa wakimtazama Mwanaesha, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Jioni, kabla hajatolewa kwao, aliingia chumbani kwa baba yake peke yake. Hina ilikuwa bado inanukia mikononi mwake.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Lakini nilikuwa nangoja sauti yako. Nilijua haitakuja, na bado nilingoja."

Zakariya aliinyooshea mkono kompyuta, kisha akaurudisha. Akamtazama mwanawe, akatamka jina lake kwa midomo mitupu, taratibu, bila ya pumzi kutoka kinywani.

"Labeka," akaitika Mwanaesha, akamwangukia kifuani.